Kisu cha kijeshi Tanga: siku ya tisa nikakuta kutu

Siku ya tisa nilikivuta kisu kutoka kwenye ala kikagoma kidogo, sio kukwama kabisa, ila ile sauti ya ngozi kupita kwenye chuma ilikuwa imebadilika, inakwaruza kama kuna mchanga ndani. Kilipotoka tu nikaona wekundu. Makali yote kuanzia ncha mpaka chini yana kamstari kembamba ka vumbi jekundu, karibu na kikinga cha mkono kuna madoa matatu kila moja kama punje ya mtama, na pale mgongoni nilipokuwa napigia gogo rangi nyeusi imetoka, kutu imefuata mikwaruzo ileile kama mtu kaichora kwa kalamu. Kisu kipya jamani. Hata siku kumi hazijafika tangu shemeji akitoe kwenye begi.

Naeleza kisa chote tangu siku ya kwanza kwa sababu huku pwani tuko wengi tunaovitamani hivi visu vya kijeshi, na ukikishika mara ya kwanza unahisi umemaliza, uzito uko sawa, kimekaa mkononi, kinatisha, unaona hakuna kazi kitakayoishindwa. Mimi nilihisi hivohivo. Na nilichojifunza ndani ya huo mwezi mmoja ni kwamba mkono ni shahidi mbovu kwenye mambo ya kisu, maswali ya kuuliza ni matatu tu, chuma gani, makali yamekatwaje, na kisu kinalala wapi usiku. Hilo la mwisho ndo lililonigharimu.

Kisu chenyewe ni mtindo wa Ka-Bar, ule wa Marine, askari wa Marekani wanaopigana majini na nchi kavu. Kampuni iliyotengeneza hiki changu siitaji, muundo huu umepita viwanda vingi toka enzi za vita na ninayosema yanahusu muundo na chuma kuliko jina lililogongwa pale. Kwa wasioujua, kikosi cha Marine waliupitisha mwishoni mwa 1942 katikati ya vita kuu ya pili, askari walikuwa wanataka kisu kimoja cha kupigania na cha kazi za kambini, kufungua makopo, kukata kamba, kuchimba. Vilitengenezwa na Camillus, Union Cutlery ya Olean jimbo la New York, Robeson na PAL, Union peke yao walitoa zaidi ya milioni moja wakati wa vita, na jina la Ka-Bar lilikuwa chapa yao ndo baadaye likawa jina la kampuni nzima 1952. Jeshi la maji lilikiita Mark 2. Bapa, yaani kile chuma chenye makali, ni inchi 7, kama sentimita 18 hivi, unene wa mgongo unakaribia milimita 4 na kitu, ncha imekatwa mgongoni ili iwe kali kwa kuchoma, na mpini ni vipande vya ngozi vya duara vilivyopangwa kimoja juu ya kingine vikabanwa halafu vikasuguliwa.

Na hapo kwenye historia ndipo nilipojiambia kitu ambacho sikupaswa kujiambia. Nikasema kama hiki kilienda visiwa vya Pasifiki, joto, mvua, maji ya chumvi, basi Tanga ni kitu gani. Sikufikiria kwamba kisu kutumika sehemu yenye unyevu ni jambo moja na kuvumilia unyevu bila kuhudumiwa ni jambo lingine kabisa.

Siku ya kwanza sasa. Shemeji aliyeniletea kwa ndege alikiweka kwenye begi la kupakia sio la mkononi, na ndo inavyotakiwa maana kisu hakiingii ndani ya ndege na abiria. Nilikifungua mezani kwetu, kimepakwa mafuta mengi, harufu ya ngozi mpya imejaa sebule nzima mpaka mke wangu akauliza nimenunua viatu. Nikakipangusa. Bapa lina rangi nyeusi isiyong'aa, rangi ya unga ile inayopuliziwa na kuchomwa kwenye joto, na kwenye bapa kuna kale kamfereji ambako watu wote wanakaita mfereji wa damu. Sio wa damu. Kanapunguza uzito bila kulegeza bapa, basi. Nimeshabishana na mtu mzima kwa hili na nitaendelea kubishana.

Uzito wake ni kama gramu 300 na ushee bila ala, na ukikilaza juu ya kidole kimoja nyuma kidogo ya kikinga kinasimama chenyewe kama mizani. Hiyo hisia ni nzuri kweli, nakiri. Nikachukua gazeti nikakata, na hapo ndo dalili ya kwanza. Theluthi ya mbele inapita vizuri karatasi inaanguka yenyewe, ila ukija huku chini karibu na kikinga karatasi inachanika badala ya kukatika. Nikakileta karibu na taa nikageuza polepole, kwenye makali yale mazuri huoni kitu ila pale chini kuna kimstari kinang'aa. Makali yenye ukali hayarudishi mwanga, yakimeta ujue pale pana ubapa, hata uwe mdogo kiasi gani. Upande mmoja pia kiwanda kilisugua pana kuliko upande wa pili. Sio kasoro ya kurudisha kisu, ila nimeiandika kwa sababu mtu anakuwa na imani kwamba kisu kipya kinakuja kikali na wengi hawakijaribu urefu wote, wanajaribu ncha tu wanaridhika.

Siku ya pili na ya tatu nilikipeleka jikoni, na jikoni ndo pamenifundisha unene maana yake nini. Nyanya kilikata baada ya kubonyeza kwanza. Kitunguu kilipita lakini vipande vinaruka. Karoti ndo mwalimu, unaingiza makali nusu ya karoti halafu inapasuka kwa mlio tak, haikatiki bali inapasuliwa kama kuni, ukiangalia ule uso wa kipande nusu ni laini na nusu ina nyuzi. Sababu ni kwamba kisu cha jikoni cha kawaida kina unene wa milimita moja na nusu au mbili na kinapungua mpaka kwenye makali, hiki kina zaidi ya mara mbili ya hapo, makali yanaingia ila mwili unaofuata nyuma unafanya kazi ya kabari. Tena kile kikinga kinagonga ubao, huwezi kukata mpaka chini kwa sehemu ya nyuma ya kisu. Mke wangu alikijaribu mara moja akakiweka akasema hiki cha kwenu wanaume wa porini, akarudi kwenye chake cha siku zote chenye mpini wa plastiki. Na yuko sahihi, kwa mchicha hakuna mashindano pale.

Siku ya nne ndo tukaenda Mwarongo, sisi watatu, kulala ufukweni usiku mmoja na kuvua. Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri na kiukweli kisu kilifanya kazi. Kilikata kamba ya nailoni nene ya boti kwa kuvuta mara mbili. Kuni za mkoko hatukati, tulibeba kuni zetu za mwarobaini kavu, na nilizipasua kwa kuweka makali juu ya kuni na kupiga mgongo wa kisu kwa gogo, kuni inafunguka vizuri sana maana ile kabari iliyoharibu karoti ndo hiyohiyo inayopasua kuni. Nikawa naangalia ule msuka kwa wasiwasi, kwenye muundo huu chuma kinachoingia ndani ya mpini ni chembamba, kinapita katikati ya vile vipande vya ngozi mpaka kwenye kitako cha chuma nyuma na kinafungwa pale kwa pini, sio kama visu vingine ambavyo chuma kina upana wa mpini mzima. Kwa kuni za unene wa mkono wa mtoto hakina shida. Gogo kubwa lenye mafundo nisingethubutu.

Halafu samaki. Tulipata changu wanne na mmoja mkubwa kidogo, nikawaparua magamba kwa mgongo wa kisu na kuwapasua. Ncha ilisaidia sana kwa tumbo. Damu, magamba, maji ya bahari, mchanga, vyote vimepita pale, nikakisuuza na maji ya bahari kwa sababu maji ya kunywa yalikuwa machache, nikakipangusa na kipande cha kanga, nikakirudisha kwenye ala. Asubuhi tukafunga mizigo. Nyumbani nikatundika ala na kisu ndani yake kwenye msumari stoo, nikaenda kazini, maisha yakaendelea, sikukigusa siku tano.

Mambo yote yalitokea hapo.

Nilipoona kutu nilikasirika kwanza, nikataka kusema chuma kibovu. Halafu nikakaa. Chuma cha muundo huu kwa kawaida ni 1095, kale kanamba kana maana yake, kumi inasema ni chuma cha kaboni cha kawaida na 95 inasema kaboni ni karibu asilimia 0.95. Hiyo ni kaboni nyingi kwa kisu, ndo inayofanya kikazwe kwa moto kikawa kigumu na kikashika makali, ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell unakuwa 56 mpaka 58 hivi. Ila kromiamu, madini yanayozuia kutu, ndani yake ni kidogo sana, hata ile aina inayoongezewa kromiamu na vanadi bado haifiki popote, wakati chuma kisichoshika kutu kinahitaji kromiamu kuanzia kama asilimia 10 na nusu ili kijitengenezee utando wa kujikinga. Kwa hiyo kisu hiki hakina kinga yake mwenyewe. Kinga yote ni ile rangi nyeusi, na rangi haiwezi kuwepo kwenye makali kwa sababu makali yanasuguliwa baada ya rangi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeitoa mgongoni kwa kupiga gogo. Ukiangalia ramani ya ile kutu imekaa palepale ambapo chuma kilikuwa uchi, hakuna hata doa moja juu ya rangi nzima. Sasa hayo madoa matatu karibu na kikinga yalinisumbua maana pale rangi ipo. Nikachukua miwani ya baba ya kusomea nikaitumia kama lenzi, kumbe pale ndipo mdomo wa ala unapokwaruza kila ukiingiza kisu, rangi imeshalika vidoadoa.

Bado haikuniingia kwamba siku tano zinatosha. Kisu nilikipangusa, tena kilikuwa ndani, hakikunyeshewa. Ndo nikaanza kuishuku ala. Nikaingiza kipande cha tishu nyeupe kwa kijiti mpaka chini ya ala nikakisokota, kikatoka na unyevu na mchanga mwembamba, nikagusa kwa ulimi nikasikia chumvi. Siku tano baadaye, stoo, ngozi bado mbichi ndani.

Nikafanya jaribio dogo ili nisije nikasingizia ngozi bure. Nilichukua misumari miwili ya kawaida, sio ile ya bati iliyopakwa zinki, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, mmoja nikautumbukiza ndani ya ala, mwingine nikauweka juu ya shelfu hiyohiyo nje ya ala. Siku nne. Wa nje ulikuwa umefifia tu, umepoteza mng'ao na una alama kidogo ya kahawia kichwani. Wa ndani ya ala ulikuwa mwekundu upande mzima uliolalia ngozi, ukiupitisha kidole unabaki na unga. Shelfu moja, hewa moja, nyumba moja. Hapo nikaacha kulaumu chuma.

Ukiijua sababu ni rahisi. Kutu inataka chuma, hewa na maji, vitu vitatu tu, na chumvi inaharakisha mno kwa sababu inafanya yale maji yapitishe umeme vizuri na pia inavuta unyevu wa hewani, yaani kitu chenye chumvi hakikauki Tanga, utakipangusa asubuhi na jioni kiko nata tena. Ngozi nayo ni kama sponji, inanyonya jasho, maji, chumvi, na dawa zinazotumika kuitengeneza zenyewe zina asidi, halafu inakumbatia chuma pande zote bila hewa kupita. Ni sawa na kumvika mtu soksi mbichi ukamlaza nazo. Ala ni ya kubebea kisu njiani, sio kitanda chake, na hili hakuna aliyeniambia, hata ile karatasi iliyokuja nacho ilisema tu kitunze pakavu.

Kukisafisha kulichukua jioni moja. Mama yangu alikuwa na njia yake ya majivu laini ya mkaa na ndimu, na inafanya kazi, sisi tumekua tukiona visu vya nyumbani vinang'arishwa hivo, ila ndimu ni asidi na inabidi usuuze na kukausha hapohapo. Mimi nilianza na stilwaya mpya ya kuoshea sufuria pamoja na mafuta ya cherehani, kutu ya juu ikatoka kwa dakika tano. Makali hayakuwa na shida maana yangenolewa vilevile. Mgongoni ikatoka ikaacha rangi ya kijivu. Yale madoa matatu hayakutoka yote, kutu ilishachimba, chini yake kuna vishimo vidogo ukipitisha ukucha unasikia. Kuvitoa ni kusaga bapa zima na sitaki kuondoa chuma kwa ajili ya urembo. Nikavijaza mafuta nikaviacha.

Ala niliisuuza kwa maji baridi mara tatu kutoa chumvi, nikaiacha kivulini siku nne, sio juani maana ngozi ikikaushwa kwa jua la Tanga inakakamaa na kupasuka. Halafu nikaipaka nta ya nyuki, nina jamaa ananiletea kutoka upande wa Amani, niliyeyusha kidogo na mafuta ya nazi nikasugua nje na kwenye mishono, na mpini pia nikaupaka kwa sababu ule nao ni ngozi ileile na ulikuwa umelowa jasho na maji ya samaki. Mpini ukawa mweusi kidogo na hautelezi, nimeupenda zaidi kuliko ulivyokuja.

Kunoa nako kulihitaji kuanza upya. Nina kinoo cha pande mbili, 400 ule unaokwaruza na 1000 ule laini. Nilipaka makali wino wa maka peni pande zote mbili, nikapitisha kisu kwenye kinoo mara tatu tu nikaangalia, wino umetoka juu na umebaki kwenye ukingo wenyewe, maana yake nilikuwa nakilaza mno, nasugua bega la makali na siyafikii makali. Pembe inayofaa ya kukiinua kisu ni kama nyuzi 20 kila upande, na bapa hili lina upana wa sentimita 3 hivi kwa hiyo mgongo unainuka sentimita moja kutoka kwenye kinoo, ndo kipimo changu, naweka kidole gumba chini ya mgongo mara mbili tatu mpaka mkono uzoee. Ule upande uliosuguliwa vibaya nilikaa nao karibu saa nzima, nasugua mpaka nisikie kile kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili kwa urefu wote, sio sehemu, urefu wote, ndipo nageuza. Mwisho nikapitisha kwenye mkanda wa ngozi wa zamani. Gazeti likakatika kuanzia kwenye kikinga mpaka ncha bila kuchanika hata mara moja, hapo ndo nilisikia raha ambayo sikuisikia hata siku kinafunguliwa.

Baada ya hapo nikakipeleka Muheza shambani. Stendi nilikuwa nimekining'iniza kiunoni bila kufikiria, nikaona watu wanapisha. Mzee mmoja amekaa kwenye benchi na panga lake limefungwa gunia, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, halafu akakiangalia kiuno changu akasema, "Mwanangu, hicho unaenda nacho vita gani?" Nikamwambia naenda kuvuna machungwa tu. Akasema, "Basi kifunge gunia kama hili langu, mtu akikiona hajui moyo wako." Nilikitoa nikakizungushia fulana nikakiweka ndani ya begi, na toka siku hiyo mjini hakionekani. Panga lake lilikuwa refu mara tatu ya kisu changu na hakuna aliyeligeuzia macho, kwa sababu kila mtu anajua panga ni la shamba, ila kisu cheusi chenye ncha na kikinga kimeshasema maneno kabla yako.

Shambani nilikata machungwa mengi, kula na kugawa, na nikaona bapa pale kwenye makali linabadilika rangi mbele ya macho yangu, kijivu, halafu bluu ya mbali, halafu kama moshi. Siku kadhaa nyuma ningeshtuka. Hii sio kutu. Asidi ya chungwa inatengeneza utando mweusi juu ya chuma cha kaboni, unashika vizuri na haumeguki, na unasaidia kidogo kuzuia ile kutu nyekundu, kisu cha zamani cha bibi kilikuwa cheusi hivohivo. Alama ya kutofautisha ni kidole, nyekundu inaacha unga kwenye kidole, nyeusi haiachi kitu. Nilikisuuza kwa maji ya kisima nikakipangusa nikakiacha na rangi yake.

Nazi nikajaribu pia ili nisije nikaulizwa. Dafu kwa kisu hiki ni kuteseka. Panga lina urefu na uzito uko mbele, unalirusha na linafanya kazi lenyewe, na chuma chake ni laini zaidi, likipata pengo unachukua tupa unamaliza pale pale shambani. Kisu changu ni kifupi, uzito uko mkononi, nilipiga mara kumi na mbili ambapo kijana wetu wa shamba anapiga nne, na tupa haikipendi, inateleza zaidi kuliko inavyokula. Kuchuna nyuzi za kumbi kwa ncha sawa. Kufungua dafu mwachie panga.

Kuna mhunzi pale anatengeneza mapanga na majembe kwa springi za gari, nikampa akishike. Hakuangalia makali kwanza, aligonga bapa kwa ukucha akasikiliza, akabana kitako akatikisa kama kuna kinachocheza, akauliza msuka umefika wapi. Nilipomwambia umefika mwisho ila mwembamba akasema chuma kizuri, kimechomwa vizuri, ila angekuwa yeye msuka angeuacha mpana. Nami nakubaliana naye. Ndo kitu pekee kwenye muundo huu ambacho ningebadilisha kama ningekuwa na uwezo.

Sasa kwa anayetaka kununua na anaishi huku kwetu, Tanga, Pemba, Mombasa, Lindi, popote unaposikia chumvi kwenye nondo za dirisha. Rafiki yetu mmoja tuliyekuwa naye Mwarongo ana kisu cha Mora cha Sweden, kile cha chuma cha pua kisichoshika kutu, bapa la milimita 2 na nusu, mpini wa mpira na ala ya plastiki yenye kitundu chini cha kutolea maji. Alisafisha samaki walewale, akakisuuza maji yaleyale ya bahari, akakitumbukiza kwenye ala, na siku tunakutana kilikuwa kama kilivyoondoka. Kwa samaki na mboga kinakipita changu mbali, maana ni chembamba. Kwa kupasua kuni changu kinakipita. Ukiniuliza cha kuanza nacho pwani nitakwambia chukua hicho cha chuma cha pua na ala isiyonyonya maji, hiki cha kaboni chukua ukishajua kwamba kila ukirudi safari una kazi ya dakika kumi kabla hujaoga. Mimi nimekubali hiyo kazi. Nakisuuza maji baridi, nakikausha, napaka mafuta ya cherehani tone mbili kwa kitambaa, na kama kinaenda kukata chakula nakiosha kwa sabuni kwanza. Mafuta ya alizeti nilijaribu yakawa nata baada ya wiki yakavuta vumbi, ya nazi hayakufanya hivo.

Kukaribia Idi kaka aliniuliza kama tutachinjia mbuzi hiki. Nilikuwa bado sijamaliza kunoa ule upande wa chini nikakataa, kuchinja kunataka kisu kisichosita hata kidogo na mafundisho yetu yako wazi kwamba kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, tukatumia cha shangazi ambacho kimechinja miaka yote. Hiki kilifanya kazi ya kutenganisha viungo baadaye, ncha inaingia vizuri kwenye maungio. Kuchuna ngozi hapana, kikinga kinazuia vidole kusogea mbele.

Leo ni siku ya thelathini na moja. Kisu kinalala kwenye shelfu ya sebuleni juu ya kipande cha kanga kilichopakwa mafuta, ala imetundikwa peke yake stoo kwenye msumari uleule. Yale madoa matatu karibu na kikinga nayaangalia kila Jumapili kwa ile miwani ya baba, napitisha ukucha, nafuta kwa kitambaa cheupe. Jumapili iliyopita kitambaa kilitoka cheupe, na vishimo ni vilevile vitatu.